Kabla hamjachimba kisima, kujenga ukuta au kupanda miti kisa tabianchi, angalieni haya

Mradi ukija na jina la tabianchi watu wanapiga makofi kabla ya kuuliza chochote. Ulizeni.

Ya wazi nayapita haraka: spea zitatoka wapi, fundi ni nani, na nani atalipia matengenezo wafadhili wakishaondoka.

Miti: msipande tu eti kwa sababu inavumilia ukame. Mathenge, mti wa miiba, ilipandwa Baringo, Kenya, miaka ya 1980 kupambana na jangwa, ikavamia malisho, wafugaji wakalalamika maganda yake matamu yanaozesha meno ya mbuzi mpaka 2006 wakaenda mahakamani. Mti unaoshinda ukame utashinda na nyasi zenu, mlitegemea nini?

Ukuta au tuta: maji ya mvua yatapita wapi kutoka nje? Bangladesh walijenga matuta ya pwani kuanzia miaka ya 1960, maji ya chumvi yakazuilika kweli, ila tope la mito likakosa pa kutua ndani likajaa kwenye mito yenyewe, mvua ikinyesha maji hayana pa kutokea, yanatuama mashambani.

Sasa kisima, hapa mtulie kidogo maana hili nimeliona kwa macho. Sehemu karibu na bahari, ukame umebana, mradi ukachimba kisima kirefu ukafunga pampu ya sola, watu wakafurahi kwelikweli. Pampu ya dizeli ya zamani ilikuwa inajizuia yenyewe, mafuta yakiisha kisima kinapumzika, ila hii ya sola jua ni bure so ikawa inavuta asubuhi mpaka jioni na bustani zinaongezwa tu. Dalili ya kwanza ilikuwa sabuni, haitoi povu. Halafu ncha za majani zikaanza kuungua, udongo ukikauka unabaki na utando mweupe juu, na wenye visima vya kuchimba kwa mkono pembeni, ambao hata mradi hawakuwemo, nao maji yao yakaharibika.

Ukanda wa pwani maji baridi (yasiyo na chumvi) yanaelea juu ya maji ya chumvi huko chini. Kwa hesabu ya kawaida, kila mkishusha usawa wa maji baridi mita 1, chumvi inapanda kama mita 40, na ikishaingia kuitoa ni miaka. Kwa hiyo kabla ya pampu wekeni kikomo cha masaa ya kuvuta, pimeni kina na chumvi kila mwezi muandike, na majirani wenye visima waitwe kwenye kikao cha kwanza, sio cha malalamiko.

Na mengine yote, bwawa, mbegu mpya, kuhamisha watu, viyoyozi vinavyopoza ndani na kumwaga joto nje kwa jirani, anzeni kidogo, jueni mkikosea mnarudije nyuma, muwasikilize walioko chini ya mto na wanaochota maji kila siku, na mkandarasi akiwaambia kupima ni kupoteza muda msisaini kitu, na hata asiposema hivyo someni karatasi zote kwanza, hasa sehemu ya nani analipa ikiharibika.