Tarehe ya Akiba: Namna ya Kuandaa Wanafunzi Kutazama Chombo Kikirushwa Kwenda Mwezini

Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Tanga, na ndimi mlezi wa klabu ya elimu ya anga. Usiku wa Jumapili, tarehe 14 Julai 2019, wanafunzi 41 wa kidato cha pili walikaa bwaloni, shuka mabegani, wakisubiri India irushe chombo chake cha Mwezini, Chandrayaan-2, kutoka kituo chake cha roketi cha Sriharikota. Roketi ilitakiwa kuondoka saa sita na dakika 21 usiku. Ilipofika saa tano na dakika 25, saa ya kuhesabia kinyumenyume ikasimama. Zilikuwa zimebaki dakika 56. Tukatangaziwa kwamba kuna hitilafu ya kiufundi kwenye roketi, safari imeahirishwa, tarehe mpya itatolewa baadaye. Bwalo likanyamaza. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Kwa hiyo, Mwalimu, hatuendi tena?"

Alisema "hatuendi". Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa hilo. Tangu siku hiyo nimeandaa kutazama safari kadhaa za Mwezini, na hivi ndivyo ninavyofanya sasa.

Anza na siku ya kutua

Wengi huanza na tarehe ya kurusha. Mimi daftari langu linaanza na tarehe ya kutua, kwa sababu hiyo ndiyo inayoburuta nyingine zote.

Mchana wa Mwezini huchukua takribani siku zetu 14, na usiku wake vilevile. Chombo kinachotegemea nguvu ya jua hulengwa kitue kunapopambazuka pale mahali pake, kipate mchana mzima wa kufanya kazi kabla ya usiku wenye baridi ya kuua betri. Mapambazuko yakikupita, unasubiri mzunguko mwingine, karibu mwezi mzima. Kwa hiyo wapangaji huishikilia tarehe ya kutua kwa nguvu zote, kisha hutafuta pa kubana katikati ya safari.

Chandrayaan-2 ni mfano mzuri kuliko wote ninaoujua. Iliondoka Julai 22, wiki nzima baada ya ile tarehe ya kwanza, lakini siku ya kutua haikusogea, ilibaki usiku wa kuamkia Septemba 7. Walifanyaje? Katika mpango wa awali chombo kingezunguka Dunia siku 17, kisha kikifika Mwezini kiuzunguke siku 28 kabla ya kushuka. Katika mpango mpya kilizunguka Dunia siku 23, na Mwezi siku 13 tu. Waandikie wanafunzi namba hizo nne ubaoni, waache wahesabu wenyewe. Mwanafunzi akishaona kwamba zile siku 28 zilikuwa na akiba ndani yake, anaelewa kupanga ni nini.

Marekani nao, walipotuma vyombo pacha vya GRAIL mwaka 2011, walipanga vifike Mwezini tarehe 31 Desemba na 1 Januari, siku yoyote vitakayoondoka katika kipindi walichojiwekea. Upepo wa juu ukawazuia Septemba 8, wakaondoka Septemba 10, na sikukuu ya mwaka mpya haikuguswa.

Uliza dirisha lina upana gani

"Dirisha" ni muda ambao roketi ikiondoka inaweza kukutana na Mwezi kwa mafuta iliyobeba. Wanafunzi wa Tanga hawahitaji maelezo marefu hapa. Mvuvi akikosa maji kujaa, chombo chake kinakaa mchangani hata kama tanga ni zima na upepo ni mzuri. Na unaojaza na kupwisha hayo maji ni Mwezi huohuo.

Madirisha hutofautiana, na hapa ndipo utajua kama mkiahirishiwa mtasubiri dakika, siku au mwezi. GRAIL ilikuwa na nafasi mbili tu kwa siku, kila moja ya sekunde moja. Chandrayaan-3 ilipewa siku za Julai 12 hadi 19 mwaka 2023, ikatangaziwa tarehe 13, ikasogezwa hadi 14, na ikaondoka hiyo 14. Odysseus, chombo cha kampuni ya Intuitive Machines ya Marekani, kilikuwa na siku tatu za Februari 2024. Siku ya kwanza methani ya kimiminika, ambayo ni mafuta ya chombo chenyewe, haikuwa kwenye joto linalotakiwa kabla ya kupakiwa, wakasitisha. Siku ya pili kikaondoka. Ukijua kwamba zimebaki siku mbili, unawaambia watoto walale tayari kuamka tena kesho.

Kuna ucheleweshaji wa aina nyingine, ule wa miaka. Chang'e 5 ya China ilikuwa iondoke 2017. Julai ya mwaka huo roketi ya aina yake, Long March 5, ilishindwa ikiwa na mzigo mwingine, na safari ikasubiri hadi Novemba 2020. Ilirudi na gramu 1,731 za udongo na mawe ya Mwezi. Tarehe ikiwa bado iko mbali kiasi hicho, usichangishe hata shilingi. Mimi nasubiri mpaka chombo kiwe kimefungwa juu ya roketi na roketi iko njiani kwenda kwenye jukwaa lake. Kabla ya hapo ninaiandika kwa penseli.

Sharti moja la lugha: taarifa ikisema "si kabla ya tarehe 14", itafsiri hivyohivyo kwa wazazi. Usiibadilishe kuwa "tarehe 14". Maneno hayo mawili, "si kabla", yatakuokoa na simu nyingi.

Geuza saa, kisha geuza tarehe

Taarifa nyingi hutolewa kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Njia yangu ya mkato ni kutoa tatu: unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. UTC 12:34 ni saa tisa na dakika 34 alasiri kwetu. Jibu likizidi 12, toa 12. Likipungua chini ya moja, ongeza 12. Kwa saa za India toa nane na nusu. Florida, jimbo la Marekani zinakorushiwa roketi, hubadilisha saa zake kwa majira, hivyo igeuze kwanza kuwa UTC.

Tarehe ndiyo mtego. Mwaka ule wa 2019 nilibandika tangazo: "Jumatatu tarehe 15, saa sita usiku." Kwenye kalenda nilikuwa sahihi. Lakini mama mmoja anayeishi jirani alimleta mwanawe wa kutwa Jumatatu usiku, kwa bajaji, kamtengea na chakula, akakuta geti limefungwa na mambo yote yamekwisha jana yake. Nilimwomba radhi kutoka moyoni. Siku hizi naandika hivi: "Usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu. Watoto wafike Jumapili saa tatu usiku." Hakuna aliyepotea tena.

Vifaa: nunua visivyoharibika

Kanuni yangu ni kwamba kila ninacholipia kiweze kutumika pia siku ya akiba, ile ya kurudia mkiahirishiwa. Bando nanunua la wiki, kamwe si la siku. La siku ndilo lililokatika mikononi mwangu 2019. Mafuta ya jenereta hayaozi, kwa hiyo nunua mapema. Projekta ya kuazima, omba kwa siku tatu mfululizo tangu mwanzo, kwa sababu kurudi kuomba mara ya pili ni kazi ngumu zaidi. Chakula kiwe karanga, au mihogo mibichi ambayo mpishi hakaangi mpaka saa ya kuhesabia ishuke chini ya saa moja. Usiku ule ndoo nzima ya chapati ililiwa watu wakiwa na huzuni.

Barua ya ruhusa kwa mkuu wa shule iwe na tarehe mbili, ya kwanza na ya akiba, na sahihi moja kwa zote. Matroni na mlinzi wa geti wapewe nakala. Mlinzi hasa. Yeye ndiye anayejua nani ametoka bwaloni saa saba usiku.

Wakisitisha, toka nje

Hili sikulipanga, lilinijia tu, na sasa ni sehemu ya maandalizi yangu. Yule binti aliponiuliza, nilizima projekta na kuwatoa wote uwanjani. Mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili kuwa kamili, juu sana, umeanza kuinamia magharibi. Nikawaonyesha kwa mkono upande wa kusini, ambako chombo kilikuwa kinakusudiwa kutua. Tukapokezana darubini ndogo ya mikono miwili. Nikawaambia kwamba Jumanne usiku, saa sita na dakika 31, kivuli cha Dunia kitakuwa kimefunika zaidi ya nusu ya kipenyo chake, na kwamba tarehe hiyo ilijulikana kabla hawajazaliwa. Walirudi Jumanne, karibu wote, na kivuli kikaja kwa dakika yake.

Basi kabla ya kila mkesha angalia Mwezi utakuwa wapi saa hiyo. Kama hautakuwepo angani, tafuta sayari au kundi la nyota la kuwaonyesha. Mtoto aliyeamshwa usiku asirudi kitandani bila kuona kitu kwa macho yake.

Jambo jingine la usiku huo: waeleze kwamba waliositisha walifanya kazi yao. Hitilafu ikionekana roketi ikiwa bado jukwaani, chombo kipo, mafuta yanaweza kutolewa, fundi anaweza kuifikia. Dakika moja baada ya kuruka, hakuna mkono unaofika. Mimi hulisema hili polepole, na nalirudia asubuhi darasani.

Chandrayaan-2 iliondoka Jumatatu Julai 22, saa sita na dakika 13 mchana, kengele ya chakula ikiwa imeshagonga. Hakuna aliyekwenda kula. Tulibanana mbele ya laptopu moja hadi chombo kilipoachana na roketi, baada ya dakika 16 hivi. Septemba, usiku wa kutua, mawasiliano yalikatika chombo kikiwa kilomita 2.1 kutoka ardhini. Baadhi yao walilia, na mimi sikuwazuia.

Miaka minne baadaye, Agosti 2023, wale 41 walikuwa wamekwisha kutawanyika, wengine vyuoni, wengine kazini. Nilikuwa naandaa kidato cha pili kingine kutazama Chandrayaan-3 ikitua, Jumatano tarehe 23, saa tisa na dakika 34 alasiri. Siku mbili kabla, simu yangu ikaingia ujumbe kutoka kwa yule binti. Saa ya kutua hakuiuliza. Aliandika: "Shikamoo Mwalimu. Tarehe ya akiba ni lini?"

Nikamjibu: marahaba, ni 27. Kisha nikaenda dukani kununua bando la wiki.