Zawadi za Krismasi kwa watoto wenye uhitaji: jinsi ya kuchagua kitu kitakachotumika

Novemba ikifika, vikundi vya WhatsApp vya Nairobi huanza kuchangishana: kanisa, chama, majirani wa korti moja ya makazi, wafanyakazi wa ofisi. Pesa hupatikana, hata ikiwa kwa kusukumana. Kinachotushinda ni kununua. Tunaingia dukani bila orodha, tunabeba kinachong'aa, halafu msichana wa miaka 14 anakabidhiwa dubu wa manyoya na mdogo wake anapewa viatu vinavyomvuka. Mimi hushughulikia ununuzi katika kikundi chetu huku Eastlands, na kanuni yangu ni kwamba anayeishi na mtoto ndiye achague. Sisi wengine tutafute pesa na kubeba mizigo.

Hatua ya 1: Wapate watoto kupitia mtu anayewajua

Wengi hukimbilia makao ya watoto. Desemba makao hayo hufurika wageni, huku jirani yako anayelea wajukuu wanne kwa pesa ya kufua nguo akiwa hajabishiwa hodi na yeyote. Hata serikali, katika mkakati wake wa marekebisho ya malezi ya watoto wa 2022 hadi 2032, inataka watoto walelewe katika familia badala ya makao. Kwa hiyo anza na mwalimu mkuu wa shule ya karibu, au mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka ploti hadi ploti za nyumba za kupanga. Huyo wa pili anajua nani amelazwa, nani kafiwa, nani amefungiwa nyumba kwa sababu ya kodi.

Mkiamua ni makao, omba kuona cheti cha usajili na uthibitishe kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Msimamizi mwenye nia njema hakasiriki akiulizwa.

Chukueni idadi mnayoiweza. Watoto 20 waliopimwa miguu ni bora kuliko 200 waliopangwa foleni ya biskuti.

Hatua ya 2: Andika orodha kabla ya kugusa pesa

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, basi uliza. Kwa kila mtoto ninaandika umri, jinsia, gredi atakayoingia Januari, saizi ya nguo, urefu wa mguu, ulemavu au mzio kama upo, dini ya nyumba, na kitu kimoja anachokipenda. Hicho cha mwisho ndicho watu hukiruka, nacho ndicho kinachofanya zawadi iwe ya mtoto huyo. Mama akikuambia, "Huyu wangu haachi kuchora ukutani," umeshamaliza nusu ya kazi.

Majina kamili yabaki kwa mtu mmoja. Kwenye orodha inayozunguka kikundini tumia namba: mtoto wa 7, mvulana, miaka 9. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, lakini hata bila sheria, hakuna mzazi anayetaka shida za mwanawe zisomwe na watu 200 wasiomjua.

Mguu unahitaji uangalifu. Saizi ya kiatu anachovaa sasa usiiamini. Huenda alirithi kwa kaka yake. Tandika gazeti sakafuni, mtoto asimame juu yake bila kukaa, kwa sababu mguu hutanuka ukibeba mwili. Shika penseli wima na uzungushe. Pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu kuliko vyote (si lazima kiwe kidole gumba), kisha ongeza sentimita moja ya kukulia. Kata mchoro huo, andika namba ya mtoto, na uende nao dukani. Uingize ndani ya kiatu: ukikunjika kwenye kingo, kiatu ni kidogo, hata muuzaji akikuapia.

Hatua ya 3: Weka kiwango kimoja kwa kila mtoto

Tuseme mmekubaliana shilingi 1,500 kwa kila mmoja. Basi iwe hivyo kwa wote, hasa watoto wa nyumba moja, maana ugomvi wa ndugu utabaki na mama yao nyinyi mkishaondoka. Mimi huipasua hivi: sehemu kubwa iende kwenye kitu kimoja cha lazima, kama viatu au sweta, na kinachobaki kwenye kitu cha raha.

Hapo kwenye raha huwa tunabishana na mweka hazina wetu kila mwaka. Yeye angependa kila mtoto apewe madaftari na sabuni, basi. Mimi nasema daftari ni wajibu wetu, si zawadi. Mtoto wa mitaa ya mabanda ya Mathare au Mukuru anataka mpira sawasawa na mtoto wa Lavington kwa matajiri, na akipewa sabuni siku ya Krismasi ataelewa vizuri sana unamwonaje.

Omba wachangiaji watume pesa, wasilete vitu. Vitu vya nyumbani huja na midoli isiyo na mikono na fumbo la picha lililopotea vipande vitatu.

Hatua ya 4: Linganisha zawadi na umri

*Chini ya mwaka mmoja.* Hapa unamnunulia mama. Blanketi, sweta, nepi, beseni. Maziwa ya unga na chupa za kunyonyeshea usipeleke kabisa; tangu 2012 kuna sheria inayodhibiti bidhaa zinazochukua nafasi ya maziwa ya mama, na kopo likiisha familia haitaweza kununua jingine.

*Mwaka 1 hadi 3.* Kila kitu huenda mdomoni. Chukua ule mrija wa karatasi unaobaki tishu ikiisha: kitu chochote kinachopita ndani yake ni kidogo mno kwa umri huu. Vuta macho ya mwanasesere na magurudumu ya gari kwa nguvu, kama mtoto atakavyovuta. Midoli ya kuimba yenye betri za saa iache dukani. Betri hizo ndogo za mviringo zikimezwa zinaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Sumaku ndogo nazo zikiwa mbili tumboni hushikana na kubana utumbo. Vikombe vya kupangana na mpira laini vinatosha.

*Miaka 4 hadi 6.* Kalamu za nta, vitabu vya kupaka rangi, matofali ya kujengea, wanasesere. Tafuta mwanasesere mweusi. Maduka mengi bado yamejaa wale wa nywele za njano, ila Maasai Market kuna wa kitambaa cha kitenge walioshonwa vizuri. Kagua tu kama macho yao ni vifungo.

*Miaka 7 hadi 12.* Kundi rahisi: kamba ya kuruka, ludo, drafti, vitabu vya hadithi. Vitabu vya mitumba vinavyouzwa kando ya barabara katikati ya jiji ni vya bei nafuu, ila fungua katikati uone kurasa hazijachanwa. Mpira wa miguu una saizi: namba 3 kwa walio chini ya miaka 8, namba 4 hadi miaka 12, namba 5 kwa wakubwa zaidi. Uwanja wao ukiwa wa kokoto, mpira wa ngozi wa bei ya chini utachanika mapema. Wa raba nzito unavumilia. Nunua pampu moja na sindano zake, ikae kwa mzazi mmoja wa ploti.

Kinachohitaji betri nyingi mimi sinunui kwa umri wowote. Kitazimika kabla ya mwaka mpya, na aliyeachiwa kilio ni mzazi.

*Miaka 13 hadi 17.* Hawa ndio husahaulika, kwa sababu hawapendezi kwenye picha. Kikokotoo cha kisayansi, seti ya jometri, saa ya mkono, mafuta ya kujipaka, boksa mpya, sidiria. Pedi ndiyo, lakini ziandamane na chupi mpya, la sivyo hazina pa kushikia. Wengine hupenda pedi za kufua. Uliza kwanza kuhusu maji. Mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi na kamba ya kuanikia ni ya ploti nzima, msichana hataianika pedi yake hadharani.

Kumbuka pia kwamba kuanzia Januari 2026 kuna Gredi ya 10, yaani mwanzo wa sekondari ya juu, na anayeingia shule ya bweni hudaiwa sanduku, blanketi na shuka. Ukiwa na mtoto wa namna hiyo kwenye orodha, mwache mzazi akwambie anachopungukiwa.

Hatua ya 5: Nenda sokoni mapema, na kwa zamu

Baada ya tarehe 15 Desemba, Kamukunji na Eastleigh hazipitiki na bei hazizungumziki. Malizeni mwanzoni mwa mwezi. Nguo mpya za jumla ziko Eastleigh. Mabeseni, vyombo na midoli ya plastiki, Kamukunji. Sare, Uhuru Market pale Jogoo Road, ila usinunue sare bila kujua shule, maana rangi ya sweta hutofautiana. Kwenye vitu vya kuchezea tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Je, mitumba inafaa kuwa zawadi? Inafaa, ikiwa ni kamera, yaani nguo za daraja la kwanza. Fika Gikomba alfajiri mabelo yakifunguliwa. Ukienda mchana utaachiwa fagia, yaani mabaki yaliyochakaa. Nguo igeuze ndani nje, uangalie kwapa na kola, uinue kwenye mwanga kuona matundu, na uvute zipu mara kadhaa. Kisha ifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kutolewa. Chupi na soksi ni mpya tu, hilo halina mjadala.

Mkoba wa shule hukatikia kwenye mishono ya kamba. Mpe fundi wa viatu wa mtaani arudie sehemu hizo kwa uzi wa nailoni. Ni pesa kidogo, na mkoba utafika muhula wa tatu.

Hatua ya 6: Usifunge zawadi, peleka karatasi pembeni

Sisi hupanga vitu vya kila mtoto ndani ya mfuko wa kitambaa wenye namba yake (mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Agosti 2017), tukaweka karatasi ya zawadi na selotepu juu. Mzazi hufunga mwenyewe usiku na kumpa mwanawe kama zawadi ya nyumbani. Mtoto si lazima ajue kikundi chetu kipo. Pia mzazi anapata nafasi ya kuona kilichomo na kusema, "Hii ni ndogo," mkabadilisha kabla mtoto hajakiona.

Hatua ya 7: Kupeleka

Familia nyingi husafiri ushago, yaani kijijini kwao, kwa hiyo fikisheni kabla ya tarehe 20. Waende watu wawili, jioni mzazi akiwa amerudi kazini, bila fulana za kikundi na bila kamera. Wachangiaji wakidai ushahidi, wapigieni picha mifuko ikiwa imepangwa, pamoja na risiti.

Kwa nyumba za Waislamu, Majengo au Eastleigh, muulize mzazi: wengine hupokea sasa kama vitu vya shule, wengine watakwambia uwawekee hadi Idd. Usiweke kadi yenye Baba Krismasi.

Beba mifuko michache ya ziada yenye mpira, kamba na kalamu za rangi, kwa sababu hakosi binamu aliyekuja kutembea. Ikibaki, mpe mwalimu mkuu wiki ya kwanza ya muhula. Wakati huo wageni wa Desemba wamekwisha, na kuna mtoto aliyekuja darasani bila kalamu.