Kupima jinsi safaktanti zinavyonata kwenye mkaa wa maganda ya mise

Hapa Kigoma, maganda magumu yanayobaki baada ya kubangua mise, yaani kokwa za michikichi, hayakosekani, na mkaa wake una vinyweleo vingi, ndiyo maana ninautumia katika jaribio hili. Molekuli ya safaktanti, yaani kiini cha sabuni ya kisasa, ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Mkia ndio unaojibandika kwenye uso wa mkaa.

Kwanza, ponda mkaa, uchekeche, kisha uoshe mara nyingi. Majivu yana magadi, na katika maji yenye magadi uso wa mkaa huwa na chaji hasi, ambayo hufukuza safaktanti zenye chaji kama hiyo, mfano sodiamu dodesili salfeti (SDS). Maji ya kuoshea yakiwa bado yanateleza vidoleni, endelea kuosha. Ukaushe mpaka uzito usipungue tena.

Pili, yeyusha gramu 0.2 za SDS katika lita 1 ya maji yaliyokenekwa. Usichote maji ya Ziwa Tanganyika kwa jaribio hili, kwa kuwa pH yake (kipimo cha uasidi au ubesi) hukaribia 9, na chumvi zilizomo hupunguza msukumano wa vichwa, hivyo mkaa unaweza kupewa sifa isiyo yake. Usizidishe kipimo pia. SDS ikifika takriban gramu 2.3 kwa lita, molekuli hujikusanya kuwa vibonge viitwavyo miseli, vyenye upana wa nanomita 4 hivi, ambavyo haviwezi kupenya vinyweleo vya chini ya nanomita 2. Kwa sababu hiyo mimi hupendelea mkaa wenye vinyweleo vipana kiasi, hata kama jumla ya uso wake ni ndogo.

Tatu, tia gramu 1 ya mkaa katika mililita 100 za myeyusho, na uandae chupa nyingine ya myeyusho huohuo isiyo na mkaa, ya kulinganishia. Tikisa, uache hadi kesho yake, kwani safari ya kuingia ndani ya vinyweleo ni ya polepole. Unapochuja, mwaga mililita chache za mwanzo, maana karatasi nayo hunasa.

Mwisho, tikisa maji uliyoyachuja mara 10 na ulinganishe kimo cha povu lake na lile la myeyusho ya SDS ya miligramu 200, 100, 50 na 25 kwa lita. Povu likilingana na lile la 50, zimeondoka miligramu 150 kwa lita, yaani miligramu 15 kwa kila gramu ya mkaa. Rudia kwa gramu 0.5 na 2 kabla ya kuiamini namba hiyo.