Mpangaji akitaka kumwachia mtu mwingine chumba au fremu: ninavyofanya hatua kwa hatua

Mara nyingi haiji kama ombi. Inakuja hivi: "Mama, shikamoo. Mdogo wangu atakaa pale kidogo, mimi nimehamishiwa Songea." Miezi miwili baadaye mdogo mtu naye amemleta rafiki yake, rafiki ameleta friji, na jina lililo kwenye mkataba wako hata simu halipokei tena.

Nasimamia vyumba vya familia Sinza na fremu chache za biashara Magomeni, hapa Dar es Salaam. Haya ndiyo ninayofanya sasa, baada ya kuungua mara moja.

Hatua ya 1: Jua anaomba kitu gani

Kuna mgeni, kuna mpangaji wa mpangaji, na kuna kuhamisha mkataba. Mgeni ana siku zake, muache. Mpangaji wa mpangaji ni pale wa kwanza anapobaki kwenye mkataba wako, analipa kwako, ila anampangisha mwenzake na pengine anamtoza zaidi. Likitokea la kutokea unamdai yeye, si aliye ndani. Mimi kwenye vyumba silikubali hilo kabisa. Kuhamisha ni pale anapoondoka moja kwa moja na kumwachia mwingine muda uliobaki. Hatua zinazofuata ni za hili la tatu, kuhamisha.

Mwambie aandike barua, hata nusu ukurasa: anaondoka lini, anamwachia nani, huyo mtu atafanya shughuli gani pale.

Hatua ya 2: Soma mkataba kabla ya kujibu

Tafuta kifungu cha kuhamisha. Hata kama hakipo, Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mpangaji apate ridhaa yako ya maandishi kabla ya kumpa mtu mwingine nyumba. Sheria hiyohiyo inakubana na wewe: usikatae bila sababu ya maana. Wenye nyumba wengi hushika nusu ya kwanza tu.

Sababu ya maana ni kama hii: fremu iko chini ya vyumba vya watu, anayekuja anataka kuchomelea mageti. Au anayeondoka bado anadaiwa. Kabila lake, dini yake, au kwamba ni dada anayeishi peke yake, hizo si sababu. Najua zinavyozungumzwa barazani, lakini usiziandike wala usizitumie.

Hatua ya 3: Kaa na anayekuja, bila dalali

Namba ya NIDA, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakotoka, mdhamini mmoja mwenye kazi inayoeleweka. Hayo kila mtu anayajua. Swali langu muhimu ni jingine: "Umeambiwa nini kuhusu hapa, na umeshatoa shilingi ngapi?" Akianza kumtazama anayetoka kabla ya kujibu, ujue kuna kilemba.

Hatua ya 4: Kilemba

Zamani kilemba kilikuwa ada ya fundi au mwalimu mwanafunzi akihitimu. Kwenye fremu ni pesa anayolipwa mpangaji anayetoka ili amwachie mwenzake nafasi, wateja aliowazoesha, na mara nyingine makabati na vioo. Kariakoo inaweza kuzidi kodi ya mwaka mzima. Sina ugomvi nayo. Mtu amejenga biashara kwa miaka, ana haki ya kuuza alichokijenga. Ugomvi unaanza anapouza asichokuwa nacho.

Kijana mmoja wa vifaa vya simu alichukua milioni nne kwa mwenzake. Mkataba wake kwangu ulikuwa umebakiza wiki tano. Aliyetoa pesa aliniletea kodi ya miezi mitatu kwa simu, namba ngeni, nami nikaipokea nikidhani ni ndugu yake. Wiki iliyofuata nikamkuta juu ya ngazi anapaka rangi bango lake. Akanionyesha karatasi yenye kichwa "Mauziano ya fremu", ina mashahidi wawili na muhuri. Aliamini amenunua pale mahali. Ningemwambiaje hana mkataba, wakati kodi yake nimeshaila? Nikampa mwaka mmoja kwa kodi ileile ya zamani, na hasara hiyo nikaihesabu ada ya shule.

Tangu hapo nina mambo mawili. Sipokei kodi kutoka kwa mtu ambaye jina lake halimo kwenye mkataba wangu, hata kama ananililia, kwa sababu kuipokea ni nusu ya kumkubali. Na kabla kilemba hakijatolewa, namwambia anayekuja mbele ya anayetoka: mkataba unaisha tarehe fulani, kodi baada ya hapo itakuwa kiasi fulani, unachomlipa mwenzako ni vitu vyake na wateja wake, jengo halimo. Wawili wamewahi kuahirisha baada ya kusikia hivyo. Mimi mwenyewe sichukui chochote kwa ajili ya kukubali. Ukianza kuuza ridhaa yako, watapitia dirishani.

Hatua ya 5: Hesabu mezani, watatu mkiwepo

Chukua chumba cha laki moja na nusu kwa mwezi. Alilipa miezi sita kuanzia 1 Januari, yaani 900,000, na dhamana ya 150,000. Anatoka 31 Machi. Miezi mitatu iliyobaki ni 450,000, na hiyo anaipata kwa anayeingia. Mimi siishiki, naishuhudia tu na kuandika risiti kwamba kodi imelipwa hadi 30 Juni.

Dhamana ni kitu kingine. Wengi husema "mtamalizana wenyewe", mpya anarithi dhamana ya wa zamani. Usifanye hivyo. Siku ya kutoka atakwambia kioo alikikuta kimepasuka, na pengine anasema kweli. Kagua chumba, piga picha, kata deni, mrudishie wa zamani, kisha pokea dhamana mpya. Kwa mfano wetu, maji 18,000 na kitasa 25,000, jumla 43,000. Anarudishiwa 107,000, na pamoja na ile 450,000 anaondoka na 557,000.

Umeme wa LUKU hulipiwa kabla, hauna bili ya mwisho wa mwezi, lakini kwenye mita ya pamoja waulize majirani kama ana zamu hajalipa. Tena kumbuka, tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, nayo ni ya mwenye jengo. Kama alikuwa na mita yake na hukuwahi kumfidia, wewe ndiye unayedaiwa. Mlipe.

Hatua ya 6: Karatasi mbili

Usifute jina la zamani kwa kalamu na kuandika jipya juu yake. Nimeona mikataba hiyo, inachekesha hadi siku ya kesi. Andika hati ya kumaliza mkataba wa kwanza: tarehe ya kutoka, madeni yamelipwa, dhamana imerudishwa, hana dai. Halafu andika mkataba mpya na anayeingia, unaotaja kuwa kodi ya hadi 30 Juni imeshalipwa. Wote watatu wasaini siku moja, mashahidi wawepo, afisa mtendaji wa mtaa au wakili agonge muhuri.

Lipia mkataba mpya ushuru wa stempu TRA (mamlaka ya mapato), asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Watu huuruka, kisha wanashangaa Baraza la Ardhi na Nyumba linapoukataa mkataba wao kama ushahidi.

Kwa fremu, anayeingia awe na TIN (namba ya mlipakodi) na leseni kwa jina lake, na mashine ya risiti ya EFD ya mwenzake iondoke na mwenzake. Mkumbushe pia kodi ya zuio ya asilimia 10 anayopaswa kuikata kwenye kodi ya pango na kuipeleka TRA, akuletee cheti.

Hatua ya 7: Funguo

Funguo zipite mkononi mwako. Anayetoka anakukabidhi wewe, wewe unamkabidhi mpya. Siku hiyohiyo badilisha kitasa. Wa zamani akirudi jioni kufuata pasi aliyoisahau, abishe hodi kama mgeni mwingine yeyote.