Ukipewa Geti Siku ya Mechi Kubwa

Vijana watatu wa mtaa wetu hapa Manyatta wamenijia mwezi huu na swali lile lile: kazi ya geti uwanjani hufanywaje? Wamesikia kwamba Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 litachezwa kwetu Kenya, Uganda na Tanzania, na wanajua kwamba watu wa kusimama getini watatafutwa kwa wingi. Mimi siku za kawaida ni soja wa duka mjini Kisumu. Wikendi za mpira husimama geti, Mamboleo au Moi Stadium, na nimewahi kuchukuliwa hadi Nairobi kwa mechi za timu ya taifa. Nimewajibu mmoja mmoja mpaka koo likakauka. Sasa naandika, wasome wote.

Nianze na kosa langu. Ilikuwa mechi ya watani wa jadi, miaka kadhaa iliyopita, kama saa nane na nusu mchana. Bosi wa siku hiyo akanipigia: funga geti, watu wamezidi mlangoni. Nikafunga. Sikuuliza kwa nini, wala sikutuma mtu nyuma ya foleni kuwaeleza. Waliokuwa mbele waliona kufuli. Waliokuwa nyuma waliona tu foleni imeganda, na ndani wenzao wanashangilia. Wakasukuma. Mama mmoja aliyebanwa kwenye vyuma alimnyanyua mtoto wake kwa mikono miwili na kumpitisha juu ya geti. Nilijikuta nimemdaka, mtoto wa miaka minne hivi, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Hapo ndipo nikafungua. Hakufa mtu. Kiatu hakikupatikana.

Kwingine watu walikufa. Tarehe 24 Januari 2022, nje ya uwanja wa Olembe kule Yaoundé, Cameroon ikicheza na Comoro katika kombe hili hili, watu 8 walikufa kwenye mkanyagano. Rais wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Patrice Motsepe, alisema geti lililohusika lilipaswa kuwa wazi lakini lilikuwa limefungwa. Na hapa kwetu, Oktoba 2010, mashabiki 7 walikufa uwanja wa Nyayo, Nairobi, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Hakuna aliyekuja na bunduki siku hizo. Ndiyo maana kijana akiniambia anataka kazi hii ili awakamate wahuni, namwambia wahuni watakamatwa na polisi. Wewe umewekwa pale ili watu elfu kumi wapite kwenye tundu dogo wakiwa wanapumua.

Kwa hiyo fanya hesabu kabla ya siku yenyewe. Uliza kuna njia ngapi za kuingilia upande wako, na tiketi ngapi zimeuzwa za upande huo. Waingereza, baada ya misiba yao, waliweka kwenye mwongozo wao wa viwanja kwamba njia moja isihesabiwe kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa, hata mambo yakienda sawa. Njia sita hazifiki watu 4,000 kwa saa. Sasa weka kusachi. Ukimsachi kila mtu kwa sekunde kumi tu, njia moja inapitisha watu 360. Njia sita, 2,160. Kama wenye tiketi ni wale elfu kumi, mechi ikianza saa tisa na mageti yakafunguliwa saa saba, filimbi italia watu 4,320 wakiwa ndani na karibu 6,000 wakiwa nje, wimbo wa taifa unaimbwa, nao wameshika tiketi mkononi. Hao watasukuma, na mimi nisingewalaumu. Usikubali kazi ya geti linalofunguliwa saa mbili kabla ya mechi kubwa bila kuuliza hesabu hii imefanywa na nani. Utaonekana mjuaji. Uliza tu.

Dawa yake ni kutenganisha. Kusachi kufanyike mbali na kukagua tiketi, mita nyingi kabla ya geti, na wanaosachi wawe wengi kuliko wanaokagua tiketi, hata wawili au watatu kwa kila njia moja. Tenga laini ya wasio na mfuko wowote. Itaenda mbio, walio na mifuko wataiona, na mechi ijayo wataacha mifuko nyumbani. Mama mwenye mtoto, mzee na mwenye magongo wapite kando.

Sasa jambo ambalo hufunzwi kwenye semina ya asubuhi moja. Chukua chaki, chora mraba wa mita moja kwa mita moja kwenye saruji, halafu waingize wenzako. Sisi tulifanya hivi uani kwa jirani yangu na watoto walicheka sana. Wanne wakisimama humo, kila mmoja anaweza kugeuka. Watano, mabega yanagusana. Sita, mtu hawezi tena kuinua mkono kujikuna pua. Kuanzia watano hivi, mmoja akiyumba wote wanayumba, na mtu haendi anakotaka bali anakopelekwa. Wengi hudhani wanaokufa kwenye umati wamekanyagwa. Wengine hufa wamesimama, kifua kimebanwa kisipate nafasi ya kuvuta hewa. Pale uwanja wa Hillsborough, Sheffield, Uingereza, tarehe 15 Aprili 1989, mashabiki wa Liverpool waliruhusiwa kuingia kwa wingi kupitia geti moja la kutokea, wakaelekea kwenye vizimba vya katikati vilivyokuwa tayari vimejaa, na mbele yao uzio wa chuma. Waliokufa kutokana na siku hiyo ni 97.

Ukiwa getini, angalia vichwa. Foleni nzuri vichwa vyake vinatikisika kila kimoja kivyake. Vikianza kwenda pamoja, kushoto wote, kulia wote, kama mawimbi ya ziwa saa kumi jioni, umechelewa dakika moja. Dalili nyingine ni mikono iliyokunjwa mbele ya kifua, na kelele kupungua. Watu waliobanwa hawaimbi.

Ukiona hivyo, usipoteze sauti yako kwa walio mbele. Hao hawana pa kwenda, na ukiwasukuma unawaua. Mtu mwenye kipaza sauti lazima awe nyuma ya foleni tangu asubuhi, na awe anajua lugha za watu wake. Hapa kwetu "rudini nyuma" peke yake haitoshi. Sema na kwa Kijaluo, "doguru chien", watu watageuka kumwangalia aliyesema. Waambie ukweli: geti limesimama kwa dakika tano, mpira haujaanza. Na kama geti likibidi kufungwa, anayeambiwa kwanza ni mtu wa mwisho kwenye foleni.

Kusachi kwenyewe. Mwanamke amsachi mwanamke, mwanamume amsachi mwanamume, hakuna mjadala. Msalimie kwanza. "Habari mama, naomba nikukague" inachukua sekunde mbili na inakuokolea dakika tano za kubishana. Anza juu: kofia avue mwenyewe, kola, kwapa, kiunoni kuzunguka, halafu ule mgongo wa chini juu ya mkanda, maana kisu hukaa hapo na wavivu hawafiki. Mifuko ya suruali ipapase kwa nje. Maliza na soksi. Sehemu za heshima tumia mgongo wa mkono. Kile kifaa kinacholia kikigusa chuma kikilia, uliza ni nini, akitoe, kisha mpime tena. Wengi huona chuma cha mkanda wakaridhika, na chini ya chuma hicho kuna kitu kingine. Mwenye betri ya moyo mpapase kwa mkono.

Mkoba usitie mkono. Nina kovu kwenye kidole cha shahada, nililipata kwa wembe uliokuwa umefungwa kwenye leso ndani ya mkoba wa bibi mmoja mcheshi kabisa, wa kukatia kucha alisema. Mwenye mkoba aufungue na kutoa vitu yeye. Wewe angalia na kijiti chako. Ngoma na isukuti zipigwe mwangaza wa simu ndani. Chupa ya soda inuse, chang'aa haina rangi lakini ina harufu. Chupa ya maji, kama imeruhusiwa, itoke kifuniko, kwa sababu chupa iliyojaa na kufungwa huruka kama jiwe, na isiyo na kifuniko inamwaga njiani.

Tiketi za simu zina ujanja wake. Mmoja hununua, anapiga picha ya skrini, anawatumia ndugu wanne. Wa kwanza anaingia, wanne wanakwama kwenye njia nyembamba, na nyuma yao kuna watu mia. Hawawezi kurudi. Kwa hiyo kabla ya mechi hakikisha pembeni mwa kila njia kuna mlango mdogo wa kumtolea mtu aliyekataliwa, na mtu wa kumsikiliza huko nje. Geti lisilo na mlango wa kurudia litakusumbua mchana kutwa.

Kuhusu chai: utapewa. "Mathe, nimetoka Busia, saidia na hii mia mbili." Sitakuhubiria. Fikiria kiti. Huyo wa mia mbili atakaa mahali pa mwenye tiketi, mwenye tiketi atasimama ngazini, na ngazi ndiyo njia ya machela. Agosti 2025, mashindano ya CHAN, ya wachezaji wa ligi za ndani za Afrika, yakiendelea uwanja wa Kasarani, Nairobi, watu waliingia bila tiketi na kuvunja vizuizi mpaka CAF ikapunguza tiketi za mechi ya Kenya na Zambia hadi 27,000, katika uwanja unaobeba zaidi ya 48,000. Hesabu ni watu wangapi walikosa tiketi ambazo wangezinunua kihalali. Asiye na tiketi azuiwe mbali, kwenye kizuizi cha kwanza barabarani ambako bado kuna nafasi ya kugeuka na boda ya kumrudisha. Akishafika kwenye vyuma vya geti, huna tena la kumfanya lisiloumiza wengine. Kwa Mamboleo ningesema azuiwe kabla ya kuacha barabara ya Kakamega, na boda zote zikae upande mmoja, maana nimeona ambulensi ikipiga king'ora nyuma ya pikipiki hamsini.

Mfuko ulioachwa peke yake: uliza kwa sauti, mara mbili, ni wa nani. Mara nyingi mwenyewe yuko chooni. Asipojitokeza, usiuguse, usiusogeze kwa mguu, waondoe watu, nenda mbali ndipo ubonyeze redio na kuita polisi. Usiseme neno "bomu" mbele ya umati.

Usidhani hili ni la Ulaya. Tarehe 11 Julai 2010, fainali ya Kombe la Dunia ikichezwa Afrika Kusini, watu waliokuwa wakiitazama kwenye skrini Kampala walilipuliwa, katika klabu ya raga ya Kyadondo na kwenye mkahawa wa Kihabeshi Kabalagala. Zaidi ya 70 walikufa. Kampala ni usiku mmoja tu wa basi kutoka hapa. Hata kama 2027 hutapata kazi ya uwanjani, huenda ukapata ya mahali pa skrini, na pale pia panataka laini ya kusachi na njia mbili za kutoka. Na hatari ikiwa nje, msikimbize watu nje. Novemba 2015, walipuaji walijilipua nje ya Stade de France, Ufaransa ikicheza na Ujerumani. Mechi iliendelea hadi mwisho, na baadaye mashabiki wengi wakajikuta wamekusanyika kwenye nyasi, ambako palikuwa salama kuliko barabarani.

Gesi ya machozi si kazi yako, lakini ujue ifanyavyo. Kanjuruhan, Indonesia, Oktoba 2022, polisi waliirusha uwanjani, watu wakakimbilia milango ambayo mingine haikuwa wazi vya kutosha, na 135 wakafa. Kanuni za FIFA hukataza silaha za moto na gesi ya kutawanya umati kandokando ya uwanja. Ukiona askari anaandaa gesi, wewe kimbilia mlango wako ukaufungue wazi kabisa.

Mlango wa kutokea hauna kufuli watu wakiwa ndani. Kama una kufuli kwa sababu yoyote, ufunguo uko shingoni mwako, hauko kwa bosi aliyekwenda kula samaki. Ule mwongozo wa Waingereza huhesabu dakika 8 za watu kutoka. Jaribu siku moja kufungua geti lenu lenye kutu ukiwa na saa mkononi.

Mwisho ni sanduku la vitu tulivyowazuilia watu. Kila kitu kina namba, na mwenyewe ana karatasi yenye namba hiyo hiyo. Usiondoke hata kama gari la wenzako linapiga honi. Kuna mzee wa Kibos huja kila mechi na mwavuli wenye ncha ya chuma, kila mechi namnyima kuingia nao, na kila mechi huwa wa mwisho kurudi, anatembea polepole, karatasi ameikunja ndani ya kofia. Hunikuta bado nipo.