Kulinywesha Zege la Barabara kutoka Ndani

Uwiano wa maji kwa saruji (uzito wa maji ukigawanywa kwa uzito wa saruji) ukishuka chini ya 0.42, maji ya kuchanganyia hayatoshi kuikomaza saruji yote. Vitundu vidogo hukauka kwa ndani, zege husinyaa likiwa bado changa, nyufa zikaanza. Ukimwagilia juu kutwa nzima, zege lililoshikana hivyo hupokea maji sehemu ya juu tu. Kwa hiyo mimi huyatia maji ya akiba tangu kwenye mashine ya kuchanganyia, ndani ya mchanga wenyewe.

Tafuta mchanga mwepesi wenye vitundu: udongo uliochomwa hadi ukavimba, au pumisi, lile jiwe la volkano linalopatikana Rungwe. Loweka kidogo kwa majaribio, saa 72. Usiponyonya angalau asilimia 5 ya uzito wake, uache. Maabara ihakikishe pia kwamba unayaachia maji hayo, maana kuna mchanga unaokunywa sana na kubana.

Hesabu ni hii. Kila kilo 100 za saruji zinahitaji takriban kilo 7 za maji ya akiba. Mita ya ujazo yenye saruji kilo 400 inataka kilo 28. Mchanga ukinyonya asilimia 15, gawa 28 kwa 0.15, upate kilo 187 hivi za mchanga mkavu. Punguza mchanga wa kawaida kwa ujazo, kamwe si kwa uzito.

Lundo la mchanga huu ndilo nalisimamia mwenyewe. Linyunyizie, ligeuze, liache lichuruzike usiku kucha, kisha pima unyevu kila asubuhi. Maji yaliyomo ndani ya punje hayahesabiwi kwenye uwiano. Yaliyoshika nje ya punje yanahesabiwa, uyapunguze kwenye maji ya kuchanganyia. Mchanga ukiingia mkavu utayanywa maji ya saruji, na zege litakaza kabla halijasawazishwa. Lori la namna hiyo nalirudisha, hata kama msimamizi ananuna.

Faida yake ni nyufa chache na pembe za mabamba ya zege zisizojikunja sana, hivyo maji hayazifikii nondo kirahisi. Huko Hutchins, Texas, mwaka 2005, uwanja wa makasha ya reli ulimwagwa karibu mita za ujazo 190,000 za zege hili.

Uso bado unataka dawa ya kuzuia ukavu au magunia mabichi, mara tu umaliziaji unapokwisha. Kwa upepo wa Dodoma, magunia yawe yamelowekwa kabla lori la kwanza halijafika.