Buti Mpya za Mlimani Zinaoza Hata Kama Hujazivaa, Angalieni Tarehe

Ndugu zangu mlioko ughaibuni, haya yamenikuta mimi mwenyewe na bado yananiuma, kwa hiyo nisomeni kabla hamjatoa hela. Wenzangu kazini walinialika kupanda mlima wikendi, nikasema sawa, nikaingia mtandaoni nikakuta buti nzuri, ziko kwenye boksi lake, karatasi bado imo ndani, soli haijagusa udongo, na bei imeshushwa zaidi ya nusu. Nikazichukua. Nikazivaa siku mbili nyumbani zikanikaa vizuri kabisa. Siku yenyewe tulipanda salama, wakati wa kushuka nikasikia mguu wa kulia unateleza kama nimekanyaga matope, kuangalia chini soli yote imeachana na kiatu inaning'inia kisiginoni, na ile ya kati imekuwa unga kama chokaa. Haikupita dakika 20 ya kushoto nayo ikafuata. Nilishuka masaa 3 kwenye mawe na viatu visivyo na soli.

Sasa sikilizeni, maana hili hakuna muuzaji atakwambia. Kwenye buti nyingi za mlimani, ile sponji ngumu iliyo kati ya soli ya nje na kiatu chenyewe inatengenezwa kwa poliyurethani. Ni nzuri, inabeba uzito na haibonyei haraka, ndo maana wanaiweka. Ila unyevu wa hewa unaivunja kidogo kidogo, wataalamu wanaita haidrolisisi, na hiyo kazi inaendelea hata kiatu kikiwa kabatini. Kikikaa miaka 5 mpaka 10 soli inaweza kuwa imekwisha huku juu ngozi inang'aa. Na kiatu kinachovaliwa mara kwa mara kinadumu kuliko kilichofungiwa, maana ukitembea unaukamua ule unyevu.

Kwa hiyo angalia tarehe. Narudia, angalia tarehe ya kutengenezwa, siyo tarehe ya risiti. Mara nyingi iko kwenye kilebo kidogo ndani ya ulimi wa kiatu, mwezi na mwaka. Kama ni mtandaoni muombe muuzaji apige picha ya hicho kilebo, akikataa achana naye. Kikifika mkononi bonyeza soli ya kati kwa dole gumba, kunja kiatu kwa nguvu, ukiona nyufa au inanatanata au inamomonyoka, rudisha siku hiyo hiyo. Usitoke nacho nje hata hatua moja!

Hapo pa kutoka nje ndipo waliponimaliza. Nilipodai hela yangu nikajibiwa mistari miwili: kiatu kimeshatumika nje, na bidhaa za punguzo hazirudishwi. Waranti nayo inahusu kasoro ya kiwandani, kuoza kwa soli wao wanahesabu ni uchakavu wa kawaida. Yule aliyeniuzia alinihakikishia kwa simu kwamba ni mpya, lakini neno la mdomo ni gumu kulithibitisha, wao walishikilia kilichoandikwa na mimi nikabonyeza kukubali bila kusoma. Mimi naona hii ni kasoro kubwa ya hizi jamii tunazoishi, mtu anakuumiza kihalali kabisa na anakutakia siku njema. Soma masharti, ndugu yangu, soma kabla ya kulipa.

Na nyie ndugu zetu mlioko nyumbani, nawapenda ila hapa mnakosea. Binamu yangu nilimtumia buti miaka 6 iliyopita, mpaka leo kazifunga kwenye mfuko wa nailoni anasubiri safari ya maana. Mfuko wa nailoni ndo unafungia unyevu humo humo! Nimemwambia azitoe, azibonyeze, na kama bado nzima azivae hata kwenda sokoni. Wengine mnatuambia tununue tu za bei rahisi, kiatu ni kiatu, kikiachana kitashonwa. Mlimani fundi wa kushona hayupo.

Mengine ni mepesi. Saizi jaribu jioni miguu ikiwa imevimba, ukiwa na soksi zile zile utakazopandia, ibaki nafasi ya upana wa dole gumba la mkono mbele, na ushuke ngazi nazo dukani, vidole vikigonga mbele chukua kubwa zaidi. Soksi ziwe za sufu au sintetiki. Pamba na jinzi acha nyumbani, zikilowa hazikauki haraka na zinakunyonya joto. Jaketi la mvua liwe na mishono iliyozibwa kwa tepu kwa ndani, kama maelezo yanasema tu kwamba linastahimili maji, hilo ni la manyunyu. Begi la mgongoni chagua kwa urefu wa mgongo wako, siyo urefu wako, na mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga maana ndo unaobeba mzigo, mabega ni ya kushikilia tu.

Halafu beba tepu ngumu ya kitambaa yenye gundi kali, ile wanayoiita duct tape, zungushia kidogo kwenye chupa yako ya maji. Mimi niliokolewa na wazee wawili nisiowajua, walinikuta nimekaa kwenye jiwe, wakatoa tepu wakanizungushia kiatu kizima kuanzia kidoleni mpaka kwenye kifundo, wakatembea na mimi mpaka chini. Mjini watu hao hao ungepishana nao wasikuangalie usoni, mlimani kila mtu anasalimia na kuuliza kama una maji. Sijui kwa nini hawaishi hivyo siku zote, lakini nawashukuru sana. Ile tepu ilishika kama saa moja ndo ikachanika, kwa hiyo beba ya kutosha viatu vyote viwili.